Pikipiki Iliyochukuliwa na Mtani

Jumamosi, tarehe tisa Agosti, siku moja baada ya Nane Nane, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda ndani ya ghala la mama yangu kule Majimoto, nikishona midomo ya magunia ya mpunga. Kazi hiyo naipenda. Mwaka mzima huwa Mpanda mjini, nilikoajiriwa kupima ardhi, na mikono yangu hushika vyombo vya kupimia na michoro ya viwanja vya watu wengine. Sindano ya magunia na kamba ya katani hunirudisha nyumbani upesi kuliko safari yenyewe.

Siku hiyo, hata hivyo, nilishona vibaya. Nyuma ya magunia, chini ya turubai la bluu, ilisimama pikipiki ya marehemu baba, ambayo nilikuwa nimetumwa kuja kuizungumzia, na nilikuwa bado sijapata pa kuanzia.

Aliyenituma ni mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Kabla ya kuvunjika paja alikuwa bingwa wa taifa wa wanawake katika mbio za pikipiki za njia za vumbi, na taji hilo hakulitwaa mara moja tu. Watu wakisikia hivyo hudhani amekulia Moshi au Arusha, kwenye vilabu na viwanja vya mbio. Amekulia hapa, juu ya kingo za majaruba ya mpunga. Baba alipofariki aliacha pikipiki moja ya Kichina yenye keria ya chuma, aliyokuwa akiitumia kupeleka mpunga mashineni. Mimi nilikuwa chuoni, kaka zetu walikuwa wameoa mbali, na mama hakuwa na mtu wa kubeba magunia. Mdogo wangu, akiwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, aliifunga ile keria kwa mpira wa tairi, akapakia gunia, akaanza kujifunza kwenye kingo nyembamba zinazotenga jaruba na jaruba. Ukikosea upande wa kushoto, umeanguka kwenye mpunga wa mama; ukikosea upande wa kulia, umeanguka kwenye mpunga wa jirani, na hapo kuna maneno.

Baadaye akaanza kupeleka mchele Mpanda. Barabara hiyo hupita katikati ya hifadhi, na kila mtu wa kwetu anajua mbung'o wa lile pori: ukipunguza mwendo wanakufikia, na wakikufikia hawajali umevaa nini. Gunia lilikuwa limemsukuma mbele mpaka hana nafasi ya kukaa vizuri, kwa hiyo alizoea kusimama kwenye vikanyagio, magoti yamelegea, akiiacha pikipiki icheze chini yake kwenye mawimbi ya barabara. Alifikiri kila mtu huendesha hivyo.

Mashindano yake ya kwanza yalikuwa ya sikukuu, pale Mpanda, madereva wa bodaboda peke yao. Nilikuwepo. Alipoisogeza pikipiki ya baba kwenye mstari, keria ikiwa bado na punje za mchele, kijana mmoja alimwambia, "Dada, mashine ya kukoboa iko upande ule."

"Najua," alijibu. "Nimetoka huko. Nyie ndio mnaokwenda kukobolewa."

Uwanja mzima ulicheka, na yule kijana akacheka pia, mpaka kibendera kiliposhushwa. Aliwaacha kwenye kona ya pili, palipokuwa na mchanga. Wao walikaa, yeye alisimama.

Kutoka hapo alikwenda Sumbawanga, akaenda Mbeya, na mwishowe klabu moja ya Moshi ikampa pikipiki ya mbio na mahali pa kulala. Kocha alimwuliza ni nani aliyemfundisha kusimama namna ile. Alimjibu kuwa ni magunia. Aliniambia jambo hilo kwa simu, akicheka, na nyuma yake nilisikia injini nyingi zikilia kwa pamoja. Nilikuwa nimesimama katikati ya shamba la mtu kule Mwamkulu nikisubiri wenzangu wafyeke njia ya kupimia, na nikajiona kama mtu aliyeshikwa mkono na kupelekwa mbali.

Kisha, katika mbio za mwisho za msimu mmoja, aliruka tuta, gurudumu la mbele likatua vibaya, na pikipiki ikamwangukia. Alitibiwa huko huko kwanza, halafu tukamrudisha Mpanda hospitalini, karibu na nyumbani. Mama alikuja na wanawake wa jumuiya yake ya kanisani, na rafiki yake mmoja wa Kisukuma ambaye habari zake nitazieleza. Wakati wa kumwosha mgonjwa, mama aliushika ule mguu uliovimba, akatazama kovu lilivyopanda kutoka gotini hadi karibu na nyonga, na akasema mbele ya wote waliokuwepo, "Siku utakapopanda tena pikipiki, usile kwangu."

Hakupaza sauti. Wanawake waliacha kusali. Mdogo wangu aligeuza uso kwenye ukuta na kusema, "Ndiyo, mama."

Alitii. Mguu ulipona, daktari akamruhusu kufanya lolote alilotaka, naye akafungua duka la vipuri Mpanda na kwenda kazini kwa miguu. Nilikuwa nikimtembelea jioni nikitoka ofisini. Tukiwa katikati ya mazungumzo, pikipiki ikipita barabarani, alinyamaza na kusikiliza mpaka imepotea, kama mtu aliyeitwa jina, kisha akaniuliza, "Tulikuwa tunasema nini?"

Mwezi wa saba kocha wake alimpigia simu. Nafasi ilikuwepo kwenye timu, na alitaka jibu kabla ya mwisho wa Agosti. Hakuficha kwamba kwa umri wa mdogo wangu hakutakuwa na simu nyingine kama ile. Mdogo wangu alikuja nyumbani kwangu Kakese, pale pale Mpanda, siku hiyo hiyo na kunieleza yote akiwa amesimama mlangoni.

"Nenda," nilimwambia. "Wewe ni mtu mzima."

"Dada, sitaenda kwa kutoroka. Nataka mama alirudishe lile neno. Asipolirudisha, nabaki."

"Basi mwombe."

"Nikifungua mdomo mimi, ataangalia mguu. Wewe sema naye. Wewe anakusikiliza."

Ndivyo nilivyojikuta ghalani. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa nje, jikoni, akibanika kambare, amejipa kazi ndefu kwa makusudi. Mama alikuwa kwenye kizingiti cha ghala na ungo wake, akipepeta mchele wa chakula cha mchana. Nilipomaliza gunia lile nilikata kamba na kuanza. Nilikuwa nimejiandaa: nilizungumzia daktari, nilizungumzia umri, nilisema kwamba kipaji ni karama na kwamba Mungu hatoi karama ili ifunikwe turubai. Mama hakunikatiza hata kidogo. Pepeta, tupa makapi, pepeta.

"Umesoma," alisema hatimaye. "Unajua kuyapanga maneno. Lakini mguu ule hukuuosha wewe."

Katika kazi yangu, jiwe la mpaka hata likiwekwa mahali pabaya halihamishwi na mwenye shamba peke yake. Lazima majirani waliokuwepo waje, waone, wakubali. Nilimtazama mama na kuelewa kwamba neno lake liko hivyo. Alilisema mbele ya watu, na huenda hata yeye hakujua njia ya kulirudisha.

Wakati huo ndipo sauti ilipotufikia kutoka uani.

"Hodi kwa Wapimbwe! Bado mnapumua, au wali umewaziba koo?"

"Karibu, mfuata mikia!" mama alijibu, na uso wake ukafunguka papo hapo. "Ng'ombe wamekufukuza?"

"Wamenituma. Wamesema nije kuchukua changu."

Huyo ndiye rafiki yake wa Kisukuma. Wazee wa kwetu hubishana kama utani wetu na Wasukuma ni wa asili au umekuja na mifugo, lakini mama na bibi huyu hawakuwahi kungoja wazee wamalize. Ni watani. Kila mwaka baada ya mavuno huja kwetu na kuchukua kitu, chochote atakachokiona, na mama hana ruhusa ya kukasirika. Anachoweza ni kukikomboa. Mwaka mmoja alibeba sufuria likiwa mekoni na mboga ndani. Mwaka mwingine aliutoa kwenye kamba ya kuanikia upande wa kitenge cha mama cha kanisani, akauvaa sokoni, mpaka mama akaukomboa kwa kuku na kikapu cha mchele mbele ya wachuuzi wote.

Aliketi, akanywa maji, akaulizia majirani. Kisha akaelekeza kidevu ndani ya ghala.

"Mwaka huu sitaki kuku. Nataka kile kilichovaa turubai."

Mama aliacha kucheka. "Kile si cha utani."

"Tangu lini unanichagulia?"

"Nimesema si hicho, mtani."

"Haya. Basi tamka kwamba utani umekwisha, nijue. Siku ukifa nitakuja kukaa na wageni kwenye viti, nimefunika uso na kitambaa, nilie kwa adabu."

Kwa asiye wa kwetu, hayo yanaweza kuonekana maneno ya mzaha. Lakini mtani ndiye anayelala mlangoni jeneza lisipite, anayewafanya wafiwa wacheke wakati hakuna mwingine anayethubutu. Kumkosa mtani msibani ni kuzikwa kama mpita njia. Mama aliweka ungo chini.

"Ukombozi wake nini?" aliuliza.

"Neno. Lile ulilolisema hospitalini. Nilikuwepo, nimeshika beseni la maji."

"Lile sikulisema kwa utani."

"Ndiyo maana nalitaka. Ya utani ninayo nyumbani, yamejaa vihenge."

Jikoni mdogo wangu alikuwa ameacha kugeuza samaki. Niliisikia harufu ya kuungua. Mama alitazama mikono yake. Midomo yake ilianza kutamka jambo, ikaacha.

"Siwezi," alisema taratibu. "Lisiponitoka, halinitoki."

"Usijilazimishe, Mpimbwe wangu. Hujakomboa, kwa hiyo ni yangu." Bibi aliinuka, akapita kati ya magunia, akalivuta turubai lote kwa mkono mmoja. "We mtoto, acha kuunguza samaki, njoo. Ng'ombe huyu wa chuma sijui kumswaga. Nipeleke naye kwangu."

Mdogo wangu alikuja mpaka mlangoni akiwa na majivu mikononi. Hakuitazama pikipiki. Alimtazama mama, na nilimwona akiwa tayari kusema hapana, kwa sauti ile ile aliyoitumia hospitalini.

Mama aliuokota ungo. "Mpeleke mtani wangu," alisema. "Ni mzee huyo. Usimrushe."

Tuliisukuma nje. Mdogo wangu alikagua matairi, yamejaa. Akafungua tangi, akanusa, akainua uso kwa mshangao: petroli ilikuwa mpya. Alipiga kiki mara moja, na injini ikawaka bila hata kukohoa.

"Nani aliyekuwa akiiwasha?"

"Fundi wa hapo njia panda," mama alijibu, akitazama kando. "Ilikuwa ya baba yenu. Ningeiachaje ioze?"

Bibi alikusanya vitenge vyake, akapanda kwenye keria kama mtu apandaye kitandani, akamshika dereva kiuno. "Nenda, bingwa. Ukiniua, nitakuja kukudai kila mwaka."

Njia ya kwenda kwake hukata majaruba. Mwezi wa nane hayana maji, lakini kingo zipo, zimekauka na kuwa ngumu, nyembamba kama zilivyokuwa. Alianza akiwa amekaa. Alipofika kwenye tuta la kwanza aliinuka, akasimama kwenye vikanyagio, magoti yamelegea, na bibi nyuma yake akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika sokoni. Nilihisi mtu amesimama karibu nami. Mama alikuwa ametoka ghalani na ungo mkononi, makapi bado yamo.

"Anaegemea mguu upi?" aliuliza.

Nilitazama vizuri kabla ya kujibu, kama nitazamavyo kupitia darubini ya kazini.

"Yote miwili."

Mama alisimama pale mpaka vumbi lilipotulia.

Walirudi kwa miguu. Pikipiki ilikuwa imebaki kwa mtani, zizini, imefungwa kamba ya ng'ombe shingoni isije ikatoroka, kama bibi alivyotangaza. Mdogo wangu alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na uso wake ulikuwa uso niliokuwa nimeusahau.

Sasa ukaja wakati wa chakula, na sote tulijua. Kila mtoto wa nyumba yetu ana sahani yake ya bati tangu utotoni. Ya mdogo wangu ina ukingo wa bluu uliobanduka upande mmoja. Mama alipakua ya kwangu. Akapakua ya kwake. Sahani ya ukingo wa bluu ilibaki juu ya kichanja, imefunikwa, na mama hakuinyooshea mkono. Mdogo wangu aliinama, akaanza kufunga viatu vyake ili aondoke.

Ndipo mama akachukua sinia kubwa la wageni, akalijaza wali, akaweka juu yake kambare wawili, hata yule aliyeungua, na kulisukuma mbele ya bibi wa Kisukuma.

"Hilo ni lako, mtani," alisema. "Ukitaka kumkaribisha mtu humo, si kazi yangu."

"Aa, mimi nina dereva," bibi alisema. "Dereva wangu, nawa mikono."

Walikula pamoja. Mdogo wangu alikula akilia, bibi akimtania kuwa samaki wa Kipimbwe wana moshi mwingi. Siku mbili baadaye aliniambia kwamba ameshampigia kocha.

"Mama hajarudisha neno," nilisema. Nilitaka awe na hakika.

"Hajalirudisha. Lakini alinilisha, dada, kwa mkono wa mtu mwingine. Nitakwenda na hilo. Hilo jingine ningependa lije kabla ya mbio, lakini siwezi kulikamua."

Nilimsindikiza kituo cha mabasi alfajiri, na mama hakuja. Wiki zilipita. Mwishoni mwa Septemba nilikwenda tena Majimoto, na nilipotoka huko niliandika barua hii, nikaituma kwa basi, kwa sababu mama alikataa kabisa nitumie simu.

*Mdogo wangu mpendwa,*

*Nakuandikia kwa agizo la mama. Anasema kwenye simu wewe hulia na yeye haoni uso wako, hivyo hajui kama umeelewa. Anataka uwe na karatasi mkononi.*

*Jana jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Walikuwepo wanawake wote waliokuja hospitalini, isipokuwa yule aliyehamia Inyonga. Mtani naye alikuwepo, ingawa si wa dhehebu letu. Alikuja, alisema, kukagua hali ya wadaiwa wake. Baada ya sala ya mwisho mama aliwaomba wasiondoke. Akasema, na ninakuandikia kama alivyosema: "Niliwahi kumwambia binti yangu asile kwangu. Mlinisikia. Leo nisikieni tena. Neno lile lilikuwa woga wangu, nikalifanya sheria yake. Nalirudisha. Apande, na arudi ale." Kisha akakaa. Mwenyekiti wa jumuiya akasema wamesikia, na wengine wakaitikia. Nilimwuliza baadaye kwa nini sasa. Alisema tangu siku ile ya majaruba, kila akifumba macho kusali, haoni tena mguu uliovimba, anakuona umesimama.*

*Mtani anadai kwamba ukombozi umechelewa na sasa una riba. Pikipiki bado iko zizini kwake. Anataka kuja kukuona ukishindana ndipo aiachilie, na mama amesema hawezi kumwacha mzee asafiri peke yake. Kwa hiyo watakuja wote wawili, kwa treni mpaka Tabora na kwa basi kutoka hapo, na mimi nitawaleta. Tutafutie mahali penye kivuli, mbali na lile tuta la kurukia. Mama anaomba umwambie mapema ni kona ipi ambayo si ya kuogopa, ili aitazame hiyo kwanza, halafu azoee.*

*Usijisumbue kushinda kwa ajili yao. Mtani ameshawaeleza watu wote wa soko kwamba ukishindwa atakufunga jembe la kukokotwa na utamlimia.*

*Baada ya wageni kuondoka, mama aliishusha sahani yako kutoka kichanjani. Aliiosha, akaipakulia wali wa mpunga mpya, akanipa mimi niile kwa niaba yako, akasimama mpaka nimemaliza. Nimeifunga pamoja na barua hii, ndani ya upande wa kitenge. Ukiipata, kula humo.*

*Dada yako.*